Shahidi wa Kando ya Njia

2 Julai

Kwa shemeji yangu mla-udongo,

Salamu zangu zikukute umekaa kitako, maana ni nyingi na njia ni ndefu. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo limehamia upinzani, na jino moja la mbele lililoondoka bila kuaga. Kuku wazima. Mbuzi mzima pia, anakusalimia kwa dharau kama kawaida yake. Wewe je? Kifua kimekuacha? Na lile koti jeupe la kazini, bado wanakulazimisha kulivaa halafu wanakupa matope uchezee?

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike dada yako, mke wangu, huu mwaka wa tatu, hatujaandikiana, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyenuna. Mimi sikununa. Barua zote za kwenu alikuwa anaandika yeye, mimi kazi yangu ilikuwa kulamba bahasha. Alipoondoka nikabaki na ulimi tu.

Basi shida imenifundisha kuandika. Kaka yako mkubwa, Mwenyekiti, ameitisha kikao cha ukoo. Unamjua, yule hata akibaki peke yake na ng'ombe lazima afungue kikao na ng'ombe apige kura. Ajenda ilikuwa moja: shamba la dada yako, ninalolima mimi niliyeolewa kwenu. Mavuno yanashuka mwaka hadi mwaka. Mwaka huu nimevuna mahindi ambayo jogoo aliyatazama, kisha akanitazama mimi usoni. Mwenyekiti akasimama, akasafisha koo, akasema: "Shamba hili limezeeka kama mlimaji wake. Liacheni likapumzike." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana utani mtamu ni mtamu hata ukiwa wewe ndiye kitoweo.

Kilichofuata ndicho hakikunichekesha. Anataka ukoo ukakate miti yote iliyo juu ya chemchemi, tufungue shamba jipya pale. Ameshazungumza na Fundi Msumeno. Jamaa huyo sasa kila siku anapita na msumeno wake wa injini begani, anaitazama ile miti kama fisi anayemsalimia mgonjwa. Shemeji, wewe umeteka maji pale. Unajua yale maji yanakaa kwa sababu miti imeyakalia. Miti ikiondoka, maji yataifuata, na sisi tutabaki na shamba jipya na ndoo tupu.

Nikajikuta nimeshasema: "Kabla hamjalizika, lipimwe! Ukoo huu una daktari wa udongo."

Mwenyekiti akasema, "Nani? Yule aliyekuwa anabandua ukuta wa jikoni anaula?"

"Huyo huyo," nikasema.

Sisi tulidhani una minyoo, kumbe una kipaji. Leo unalipwa mshahara kwa jambo lile lile ulilokuwa unachapiwa. Hiyo ndiyo heshima ninayoijua mimi.

Basi tafadhali, nisaidie. Nifanye nini? Barua hii nampa kondakta wa basi. Simu ninayo, lakini betri yake ni rika langu.

Wako, aliyebaki na ulimi,
Shemeji

*

11 Julai

Shemeji mtundu,

Barua yako imefika, ina harufu ya samaki wa kondakta lakini inasomeka. Kifua kimepona. Goti langu nalo limejiunga na chama cha lako, la kulia kwangu, kwa hiyo tukisimama pamoja tunapata mtu mmoja mzima. Koti jeupe lipo, lina doa ambalo limekataa sabuni zote.

Mimi pia sikununa. Nilipoiona bahasha kutoka nyumbani na mwandiko si wa dada, nilikaa nayo mezani mpaka chai ikaota ngozi ndipo nikaifungua.

Sasa kazi. Chumba ninachofanyia kazi kina rafu mpaka darini, na kila rafu imejaa vifuko vya udongo wa watu nisiowajua. Kila kifuko ni sufuria ya mtu. Naomba na chako kije, lakini kije kwa adabu.

Chukua ndoo ya plastiki, si ya bati, maana bati nalo lina maneno yake. Tembea shamba zima kwa kupindapinda, kutoka pembe moja hadi nyingine. Kila mahali utakaposimama, ondoa majani ya juu, chimba shimo la kina cha shubiri, kisha kwangua ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini. Changanya udongo wote ndani ya ndoo, uanike kivulini, unitumie viganja vichache kwenye mfuko safi. Usichote zizini, jaani, kwenye kichuguu, chini ya mti wala mahali palipochomwa taka. Nataka shamba lenyewe kama lilivyo. Nakuomba sana, usinichagulie.

Kaka nimemwandikia. Amekubali kusubiri msimu mmoja tu. Miti isiguswe mpaka mavuno yajayo, na mavuno yakiwa kama ya mwaka huu, Fundi Msumeno anaingia. Nadhani amekubali kwa sababu ana hakika utashindwa.

Shemeji yako wa koti lenye doa

*

4 Agosti

Kwa shemeji,

Natumai u mzima. Mimi si mzima wala si mgonjwa, nimefedheheka tu.

Udongo nilikutumia, na karatasi ya majibu imerudi. Imekuja yenyewe bila barua yako, na kwa kuwa bahasha ilikuwa na muhuri, Mwenyekiti aliifungua yeye, maana mihuri yote duniani ni mali yake. Akapanda juu ya kinu kilicholala, akasoma kwa sauti watu wote wasikie: Rutuba, ya juu sana. Uchachu, hakuna. Ushauri, mkulima aendelee hivyo hivyo.

Mwenyekiti akaikunja karatasi taratibu, akaniangalia. "Kumbe shamba halina ugonjwa," akasema. "Ugonjwa ni mlimaji."

Shemeji, tangu nizaliwe nimeitwa majina mengi, na mengi niliyatafuta mwenyewe. Mvivu sijawahi kuitwa. Sasa watoto wananiimbia njiani kwamba udongo unalia mlimaji kalala.

Nadhani mashine yenu imepata kichaa. Ipelekeni hospitali.

Wako,
Shemeji anayepita kichochoroni

*

12 Agosti

Shemeji,

Mashine haina kichaa. Mashine hujibu inachoulizwa. Mimi nilikuwa safarini kikazi, vijana wa ofisini wakapima, karatasi ikatoka. Juzi nimerudi, nikaona jina lako kwenye orodha na yale majibu, nikasema huyu hawezi kuwa na udongo kama huo halafu akavuna mahindi ya kumtia jogoo huzuni. Nikauomba ule mfuko, nikauchekecha mwenyewe.

Ndani yake mna majivu mengi, ndiyo maana uchachu hakuna. Mna kinyesi cha kuku cha miaka. Nimepata vipande vya mkaa na ganda la yai. Kisha nikapata kitu kidogo cha plastiki, rangi ya samawati, chembamba kama kijiti cha kiberiti. Nikakiosha. Ni jino la kitana.

Nyuma ya jiko, upande linakochomoza jua, kuna lile jiwe bapa. Dada alikuwa anakaa pale kuchana nywele. Kitana cha samawati nilimpa mimi, na kila nikija ananilalamikia kwamba nimempa kitana cha mtoto, kimevunjika jino jingine. Shemeji, umenitumia udongo wa pale.

Sikugombezi. Lakini niambie ukweli, na unitumie shamba.

Jino nimelitia kwenye kichupa, kiko dirishani hapa ninapoandikia. Ule udongo nimeutupa.

Nadanganya. Na udongo nimeuweka.

Shemeji yako

*

26 Agosti

Shemeji yangu,

Nimekaa kwenye lile jiwe kuisoma barua yako. Nikamaliza, nikaanza tena, kuku wakadhani nimekufa wakaanza kunidonoa viatu.

Kuna wanaosoma viganja, na kuna wanaosoma nyota na kudai kuku mweupe. Wewe umesoma taka za nyuma ya jiko langu ukamwona mke wangu anachana nywele. Na hujataka hata yai! Nimezunguka na barua hii nyumba zote za ukoo, nimemsomea hata mbuzi. Mbuzi aliacha kutafuna, na hiyo kwake ni kupiga makofi.

Ukweli ni huu. Mtu humpeleki mgonjwa hospitali kabla ya kumwogesha. Nilijiambia, udongo wetu unakwenda mjini, unakwenda kuonwa na wasomi, utawekwa kwenye rafu pamoja na udongo wa watu wengine. Nitaupelekaje ule wa shambani, mwekundu, mkavu, kama mtoto asiyepakwa mafuta? Nikauchagua ule mweusi, unaomeremeta. Nilidhani ni kama kupiga picha. Kumbe ni kama kwenda kwa daktari ukiwa na mkojo wa jirani.

Nimekiri mbele ya kikao. Mwenyekiti amefurahi wiki nzima, amenenepa.

Sasa nimefanya ulivyosema. Ndoo ya plastiki nimeazima kwa mama muuza uji. Nimetembea kwa kupindapinda, nasimama, nainama, nachimba, nakwangua, naondoka upande mwingine. Jirani akaniita kutoka uani kwake: "Mzee, umepoteza nini?"

"Natafuta ugonjwa!"

"Acha pombe utapona!"

Nimeuanika kivulini, nikaulinda kuku wasiongeze maneno yao. Huu hapa. Hauna mafuta, haukuoga, na viatu hauna. Ndiyo sisi.

Shemeji aliyevuliwa nguo

*

14 Septemba

Shemeji,

Asante kwa udongo. Huu sasa ni mgonjwa, na anatibika.

Shamba lako halijafa wala halijazeeka. Lina uchachu mkali. Miaka yote umekuwa ukitia mbolea ile ile ya dukani, msimu kwa msimu, na kila ukivuna unabeba hadi mabua. Shamba linatoa, halirudishiwi, na ile mbolea yenyewe inazidi kulichachusha. Udongo ukishachacha hivyo unakishika chakula na kukifungia. Chakula kimo, nimekiona. Mizizi ndiyo haikipati. Ni kama kumwekea mtu sahani mezani halafu ukamfunga mikono. Wewe ulikuwa unamwongezea sahani.

Kwa hiyo hukuwa mvivu. Nimeipima habari hiyo pia.

Dawa ni chokaa ya kilimo. Siyo ya kupakia ukuta, Shemeji, nakujua. Nimeagiza mifuko, itashushwa na basi. Imwage sawasawa shambani kote mapema kabla ya mvua, uichanganye na udongo kwa jembe. Samadi ya zizini usiiache ikakauka bure, itie kwenye mashimo ya kupandia. Katikati ya mahindi panda maharage. Mabua ukivuna yaache shambani, mwambie mbuzi ni amri yangu.

Na jambo moja la mwisho, ambalo hutalipenda. Ile mistari ya mwanzo kabisa, kando ya njia, usiitie chokaa wala samadi. Mbegu iwe ile ile, siku ya kupanda ile ile, palizi ile ile, lakini dawa isipate. Hicho kipande ni shahidi wako. Shamba likipona, Kaka atasema ni mvua. Shahidi amepata mvua hiyo hiyo.

Najua ungependa kumweka huko nyuma karibu na mgomba, asionekane. Hapana. Akae njiani, kila mtu amwone.

Shemeji wa chokaa

*

20 Januari

Shemeji yangu daktari,

Salamu za mvua na matope. Usiniulize afya, goti limerudi serikalini, nadhani linataka cheo.

Kimya changu kimekuwa kirefu kwa sababu nilikuwa nalima mchana na kushangaa jioni. Njoo uone! Mahindi yamenipita kofia na bado yanapanda. Majani ni ya kijani kile kinachokaribia weusi, mapana, yanagongana kwenye upepo kama watu wanaopigana mabega sokoni. Naingia ndani nasimama tu, nacheka peke yangu. Shemeji, ulikuwa umekaa kwenye chumba chenye rafu, na viganja vichache vya udongo, hujafika hapa miaka mitatu, na ukajua. Mimi nimelima hapa tangu nina nywele na sikujua. Nikikutana na yule mwalimu aliyekuchapa kwa kula ukuta, nitamwambia amchape na samaki kwa kunywa maji.

Sasa habari mbaya. Shahidi.

Ana urefu wa goti. Ana rangi ya homa ya manjano. Na njia hiyo ndiyo ya mashine ya kusaga, ndiyo ya shule, ndiyo ya zahanati. Wapitao hawaoni shamba, wanamwona yeye. "Mzee, hivyo ni vitunguu?" "Shemeji, mwaka huu umepanda sindano?" Nikisema ni amri ya daktari, wananiuliza ni daktari wa watu au wa vichaa.

Nikavumilia. Nikavumilia tena. Jana adhuhuri, watu wote wamejificha jua, nikachukua ndoo ya samadi. Nilitaka kumpa kidogo tu, apate sura, asitie aibu. Nikamwaga kwenye shina la kwanza, nikamwaga la pili, nikasikia mtu anakohoa.

Mwenyekiti, na baiskeli, na kiroba cha unga.

"Shemeji, unafanya nini hapo?"

"Nanawa mikono."

"Kwa mavi ya ng'ombe?"

Akashuka baiskeli. "Kwanza ulidanganya kwa udongo wa nyuma ya jiko," akasema. "Leo unadanganya kwa ndoo. Hata hayo mahindi marefu sijui umeyafanyia nini. Sikubali. Hapa hapana shahidi, pana mwizi na ndoo yake." Na jioni nikamwona Fundi Msumeno kakaa barazani kwake, ananoa meno ya msumeno moja moja, na ananitabasamia.

Nimeiharibu kesi yetu, Shemeji. Shamba limeshinda, mimi nimeshindwa.

Wako,
Mwizi na ndoo yake

*

29 Januari

Shemeji,

Nimecheka mpaka wenzangu wamekuja kuniletea maji. Kisha nikakasirika. Kisha nikafikiri.

Kipande hicho si chako tena. Mpe Kaka. Mwambie mbele ya watu kwamba ni chake: apalilie yeye, alinde yeye, avune yeye. Sharti ni moja tu, asitie kitu isipokuwa jasho lake. Yale mashina mawili uliyoyamwagia ayafunge kitambaa chekundu, yasihesabiwe.

Halafu mwambie unadhani hawezi. Kaka yangu namjua. Ukimwambia hawezi, ataweza mpaka augue.

Na wewe usikanyage pale hata kwa kutafuta kuku aliyepotea.

Shemeji yako

*

3 Mei

Shemeji yangu, fundi wa watu na wa udongo,

Nakuamkia kutoka juu ya gunia. Nimekaa juu yake kwa makusudi, nikiandika najisikia tajiri. Magunia mengine yako ukutani, mpaka paka amekosa pa kulala. Mwaka jana yalikuwa manne na nusu, na hiyo nusu ilikuwa ya heshima tu. Mwaka huu yamefika kumi na moja, na maharage sijayataja kwa kuogopa jicho la watu.

Lakini si hayo ninayotaka kukusimulia. Nataka kukusimulia Mwenyekiti.

Nilimkabidhi Shahidi mbele ya kikao kama ulivyoniagiza, nikamalizia: "Ila kaka, nadhani hutaweza." Akasimama kama aliyeumwa na siafu. Kesho yake alfajiri nikamsikia huko njiani na jembe jipya. Shemeji, yule mtu alilima! Alipalilia, akapalilia tena, akafukuza panya, akainulia udongo kila shina kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Shamba lake mwenyewe likaota majani. Alikuwa anayasemesha yale mahindi, nimemsikia kwa masikio haya: "Kwa hiyo ninyi mnaona hivyo ni sawa?" Kikao kabisa. Watu wa njiani wakamhamia yeye: "Mwenyekiti, hivyo vitunguu vyako vinaendeleaje?" Mimi niko uani kwangu, mkono mdomoni, nalia kwa kucheka.

Na Shahidi akabaki njano. Yale mashina mawili ya kitambaa chekundu tu ndiyo yalinyanyuka, marefu, yamesimama katikati ya wenzao kama askari wawili kwenye darasa la chekechea. Siku moja nilimwona Mwenyekiti amesimama kati ya mashina hayo na mengine. Anatazama huku, anatazama huku. Alikaa hapo mpaka unga aliotoka kusaga ukanyeshewa.

Siku ya kuvuna alivuna mwenyewe, akakataa msaada. Tenga moja halikujaa. Mahindi yenyewe ni kama vidole gumba, yana mapengo kuliko mimi. Akaketi njiani, tenga katikati ya miguu. Nikaenda nikaketi kando yake. Nikajisemea nikicheka sasa Mungu atanichukua.

Akasema, "Hapa nimelima kuliko nilivyowahi kulima kwangu."

"Nimeona, kaka."

"Sikuwa mvivu."

"Hukuwa."

Akachukua hindi moja, akaligeuza, akalirudisha. "Basi na wewe hukuwa mvivu," akasema. Hakuniangalia. Akaondoka na tenga lake.

Shemeji, nilikaa pale njiani mpaka watoto wa shule wakapita, na walipopita hawakuimba.

Fundi Msumeno alikuja jioni ile ile, kasikia tumevuna. Mwenyekiti akamkuta mlangoni. "Pale juu ya chemchemi," akamwambia, "pana kazi kubwa inafanyika. Inafanywa na miti. Wewe katafute nyingine." Jamaa akaondoka na msumeno wake begani, na nakuapia ulionekana mzito kuliko siku zote. Asubuhi nimeteka maji, nikanywa palepale kwa kiganja. Baridi yake ile ile.

Ngoja umalizie hii. Jana namwona Mwenyekiti shambani kwake na ndoo ya plastiki. Anakwenda kwa kupindapinda, anasimama, anainama, anachimba. Nikaketi ukingoni nikamwambia: "Kaka, hapo karibu na zizi ruka. Usimchagulie." Alinitupia bonge la udongo, likanipata begani. Nimelihifadhi. Utapata mfuko wake na basi lijalo, na nina hakika ni mgonjwa mahututi, maana hata ushauri hajawahi kupewa akaupokea. Mtibu hivyo hivyo.

Sasa ombi langu. Ni kuhusu Shahidi. Nilikuwa namwonea aibu, sikudanganyi. Sasa namwonea huruma. Amesimama njiani msimu mzima, njaa tupu, anachekwa na kila mwenye mdomo, ili mimi nisiitwe mvivu na miti isikatwe. Wenzake wamekula, yeye ametazama. Wewe ndiye hakimu. Je, amemaliza kusema? Naweza kumlisha? Safari hii siendi na ndoo mpaka uniruhusu.

Na njoo basi, uone. Ukuta wa jikoni nimeukandika upya kwa ajili yako, udongo mzuri wa kichuguu. Ule mpaka ushibe, hakuna atakayekuchapa.

Wako, mtu wa magunia,
Shemeji

*

30 Mei

Shemeji yangu,

Nimekuwa nakwenda kituoni kila basi likija. Kondakta ananiona kwa mbali anatikisa kichwa: hakuna bahasha. Nikasema, safari hii kanuna kweli, au goti limempindua, au yale maneno ya ukuta yamemuudhi.

Jana basi likafika, kondakta hakutikisa kichwa. Akapanda juu, akahangaika na kamba, akashusha mfuko wa chokaa mpaka ardhi ikatoa vumbi. Nikauzunguka natafuta barua. Barua hakuna. Upande wa chini, kwa kalamu nene, kwa mwandiko wako ule wa kuegemea kama mtu anayesikiliza, pameandikwa: YA SHAHIDI.

Nimeipokea. Maneno mawili, kilo hamsini. Tangu nianze kupata barua sijawahi kupata nzito namna hii, imebidi niisome kwa toroli. Mwenyekiti alisukuma, mimi nilielekeza, na tulipofika kando ya njia hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuwa wa pili kuufungua.

Shemeji